Kolorimita ya zamani imefufuka: uchambuzi wa ArgyllCMS

Karibuni tena, watazamaji wangu. Kidude hiki mnachokiona mkononi ni kolorimita, kifaa cha kupima rangi za skrini. Waliokiunda waliacha zamani kukitolea programu, na nilipobadili kompyuta kikagoma. Kizima, hakina hata mkwaruzo, ila hakuna wa kuzungumza nacho. Leo kinapima tena, kwa sababu ya ArgyllCMS, programu huria ya Graeme Gill.

Tazameni. Nakichomeka kwenye USB, nakilaza juu ya kioo, naandika spotread, amri ya Argyll ya kupima doa moja. Haya, namba hizo hapo: XYZ na Lab, njia mbili za kuieleza rangi kwa namba, za doa jeupe lililo chini yake. Mnaona raha niliyo nayo!

Kazi iliyojificha nyuma ya namba hizo ni kubwa. Kila mtengenezaji ana amri zake, na nyingi hazikutangazwa. Kolorimita ya Spyder 2, kwa mfano, huwaka ikiwa tupu kichwani: isipopakiwa data iliyomo kwenye CD yake, haipimi kitu. Data hiyo si mali ya Argyll, haiwezi kuigawa, basi imekuja na oeminst, programu ndogo inayoichomoa kwenye CD yako mwenyewe. i1Display Pro, kolorimita nyingine, nayo hudai kwanza ufunguo, yaani namba ya siri kutoka kwa programu. Mafumbo haya yamefumbuliwa kifaa kwa kifaa, na msimbo wa programu uko wazi, usome ukitaka. Nawashukuru kwa dhati waliofumbua.

Ila kifaa kutambuliwa ni jambo moja, kupima sawasawa ni jingine. Kolorimita huona kwa vichujio, na vichujio havilingani kabisa na jicho la mtu. Skrini yangu ni ya gamuti pana, yaani huonyesha rangi nyingi kuliko skrini za kawaida. Nilipoirekebisha mara ya kwanza, weupe ulitoka na uwaridi. Vifaa kama i1Display Pro hukubali faili la masahihisho liitwalo CCSS, lenye spektra za aina ya paneli, yaani vipimo vya mwanga wake wimbi kwa wimbi. Hiki changu hakikubali, kwa hiyo niliazima spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga wimbi kwa wimbi, nikalinganisha vipimo vya vyote viwili na kutengeneza CCMX kwa amri ya ccxxmake: faili la masahihisho la kolorimita hii na skrini hii tu. Uwaridi ukaisha. Msiiruke hatua hiyo, tafadhali.

Kasoro? Argyll ni ya kuandika amri. Asiyependa atumie DisplayCAL ya Florian Höch, yenye madirisha na vitufe. Ilikwama kwenye Python 2, toleo la zamani la lugha iliyoandikiwa, wengine wakaipeleka Python 3. Kwenye Windows, vifaa vingi hutaka draiva (programu ya kuunganisha kifaa na kompyuta) ya Argyll, na ukishaiweka programu ya mtengenezaji haikioni tena kifaa mpaka uirudishe ya awali. Linux haina usumbufu huo.

Kama ndiyo kwanza unanunua, kolorimita ya ColorHug ya Richard Hughes ilitolewa na michoro ya saketi na programu yake ya ndani, vyote wazi. Mimi siku nikinunua kingine, nitafungua kwanza orodha ya vifaa vya Argyll, kisha ndipo niulize bei.