Kliniki ya homoni iliyoniuliza ninavyolala

Nina mvurugiko wa homoni, PCOS, tangu 2019. Hedhi kuruka miezi miwili mitatu na vindevu vya kidevuni nilishazoea. Kilichonishinda ni uchovu. Nalala saa tatu usiku, naamka saa kumi na mbili mwili kama nimeshinda nabeba zege. Mimi ni fundi cherehani; mwezi wa tatu nilisinzia kazini, sindano ikapita kwenye ukucha wa kidole cha shahada. Hospitali mbili za mwanzo waliniambia nipunguze mwili na niache mawazo.

Hii kliniki nilielekezwa na mteja wangu. Daktari ni mama mtu mzima, na hakuanza na habari za kuzaa. "Mwanangu, unakoroma? Asubuhi kichwa kinakugonga?" Mdogo wangu, tunalala chumba kimoja, akanijibia: "Anakoroma, halafu ghafla kimya, mpaka namtingisha." Daktari akaweka kalamu chini. Akatueleza kuwa wenye PCOS hubanwa pumzi usingizini zaidi ya wanawake wengine, na si unene peke yake unaosababisha. Mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa 2023 unataka tuulizwe dalili hizo. Miaka yote hiyo sikuulizwa na mtu! Akaagiza pia vipimo vya damu, sukari na thairoidi (tezi ya shingoni), maana uchovu una wazazi wengi.

Kipimo cha usingizi unaenda nacho nyumbani: kidude chenye taa nyekundu kidoleni, mpira mwembamba puani, mkanda kifuani. Nesi alinifuta rangi ya kucha mwenyewe kwa pamba, akasema inadanganya mashine. Waya ulinasa kwenye neti, lakini usingizi ulikuja. Majibu: pumzi ilikatika mara 22 kwa saa.

Sasa nina wiki ya tano natumia mashine ya kusukuma hewa. Wiki ya kwanza barakoa ilinichubua pua, nusura niirudishe. Juzi nimekata na kushona magauni manne ya sare bila kulaza kichwa mezani.

Nawapa nyota nne. Moja nimeizuia kwa sababu nilifika saa mbili asubuhi nikaonwa saa saba, karatasi ya majibu yote ni Kiingereza, na hakuna aliyeniambia umeme ukikatika usiku nifanyeje. Kipimo unalipa kando. Bima yangu haikukigusa.

Ukienda, toa rangi ya kucha kabisa, na uende na mtu anayelala karibu yako. Mimi peke yangu nisingejua kama nanyamaza.