Darasa la jioni kuhusu mbingu na sayansi, Kisumu: nilichokipata na kilichopungua

Kwa Alhamisi sita mfululizo nilihudhuria darasa la jioni ambalo kanisa moja la hapa Kisumu huliendesha, kwa waumini na wasio waumini, kuhusu fundisho la Kikristo la mbingu na yale ambayo sayansi ya leo imeyagundua juu ya ulimwengu. Ada ni shilingi 1,500, pamoja na kijitabu na chai. Mwaka jana tulimzika mama yangu kijijini, na majuma machache baadaye binti yangu wa miaka 7, akiitazama ndege iliyokuwa ikishuka juu ya ziwa kuelekea uwanjani, aliniuliza kama abiria wale walikuwa wamempita nyanya njiani. Nimefundisha shule ya Jumapili kwa miaka 9, na sikuwa na jibu.

Jioni ya kwanza peke yake ilistahili nusu ya ada. Mwalimu wa fizikia aliyestaafu alikuja na karai kuukuu lililotobolewa matundu kwa msumari, akazima taa, akalishikilia juu ya kichwa cha mama mmoja aliyeketi mstari wa mbele, huku kijana akimulika tochi kutoka juu, hata mama yule akasema kwa sauti kwamba anaziona nyota. Kisha akamwomba asogee, akamimina kikombe cha maji ndani ya karai, nasi tukaitazama mvua ikidondoka sakafuni. Karai lilikuwa anga kama watu wa kale walivyoliwaza, paa gumu lenye maji juu yake. Hapo ndipo nilipouelewa Mwanzo 1, ambapo anga linayatenga maji ya juu na ya chini, na Mwanzo 7, ambapo madirisha ya mbinguni yanafunguka kwa gharika. Watu wa kale walisema juu ya Mungu wa kweli kwa picha ya ulimwengu waliyokuwa nayo, na mwalimu hakuwadharau hata kidogo.

Mchungaji aliyefundisha naye alituonyesha kwamba utata umo ndani ya maneno yetu wenyewe: Kiswahili husema mbingu, Kijaluo husema polo, na Kiebrania cha Agano la Kale husema shamayim, na kila moja hubeba kwa pamoja mahali pa mawingu na makao ya Mungu. Mwanaastronomia Copernicus alipochapisha mwaka 1543 kitabu chake kilichosema kwamba dunia hulizunguka jua, na mwenzake Galileo alipoona kwa darubini miezi minne ikiizunguka sayari ya Mshtarii, ambayo wengi huiita Jupita, mwaka 1610, ile ngazi ya tabaka za mbingu, ambayo watu wa zamani waliiwaza kuizunguka dunia na iliyompa Mungu ghorofa ya juu kabisa ilianza kubomoka. Lakini Sulemani alikuwa amekwisha kukiri, katika 1 Wafalme 8, kwamba mbingu na mbingu za mbingu hazimtoshi Mungu.

Swali zito kuliko yote liliulizwa na mwendeshaji bodaboda. Alisema kwamba nuru husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, na kwamba kama Yesu angalipaa kwa kasi hiyo miaka 2,000 iliyopita, angekuwa bado yumo ndani ya galaksi yetu, lile kundi kubwa la nyota ambamo jua letu limo, ambayo nuru huhitaji takriban miaka 100,000 kuivuka. Ukumbi ulinyamaza. Mchungaji hakumkemea, alifungua Matendo 1 na kutuonyesha lile wingu lililompokea, akaliweka kando ya wingu la Sinai na lile lililoijaza nyumba ya Bwana siku za Sulemani. Wingu, alisema, ni ishara ya Mungu kuwapo, na habari hiyo haipimi safari ya kilomita kama vile mkono wa kuume wa Baba usivyokuwa mkono wa nyama.

Lililonisikitisha ni jioni ya tano. Mgeni aliyealikwa alitufundisha kwa ujasiri mwingi kwamba mbingu imejificha katika vipimo vya ziada, yaani vilivyo zaidi ya urefu, upana na kimo, ambavyo wanafizikia huvizungumzia. Zipo nadharia zinazopendekeza vipimo hivyo, lakini hakuna jaribio lililowahi kuvithibitisha, na hata vikipatikana kesho vitakuwa sehemu ya uumbaji, sawa na udongo na maji. Kumtafutia Mungu nafasi humo ni kurudia kosa la kumpandisha juu ya karai, ila safari hii karai ni jipya. Ninaomba waandalizi wasiirudie mada hiyo bila mtu wa kuipinga.

Jioni ya mwisho, ambayo ilipaswa kuwa kilele, matangazo yalichukua muda mrefu na 1 Wakorintho 15, juu ya ufufuo, na Ufunuo 21, juu ya mbingu mpya na nchi mpya, zikasukumwa ndani ya nusu saa. Huo ni upungufu mkubwa, kwa sababu humo ndimo tofauti halisi ilimo: sayansi hutarajia jua kuzimika baada ya miaka takriban bilioni 5, na Ufunuo haumpeleki mwanadamu juu ili aukwepe mwisho huo, bali unauona mji mtakatifu ukishuka na Mungu akifanya maskani yake pamoja na watu. Kijitabu nacho kimetolewa nakala hafifu, na kurasa kadhaa hazisomeki.

Jioni ya nne, mvua ilipokatika, tulitolewa uani penye darubini, na binti yangu akaruhusiwa kutazama. Alihesabu nukta tatu kando ya Mshtarii; mwalimu akamweleza kwamba mwezi wa nne huenda umepita nyuma ya sayari. Tukiwa njiani kurudi nyumbani nilimwambia kwamba ndege ile haikumpita nyanya, kwa kuwa hakuna umbali wa kumfikia Mungu, na nyanya yuko kwake. Aliniuliza kama basi Mungu yuko hata ndani ya matatu. Nikamwambia ndiyo.

Awamu nyingine ikitangazwa nitalipa tena, na nimekwisha kuwaandikia waandalizi kuwaomba Ufunuo 21 upewe saa mbili kamili.