Haunted Mansion (2023): mtoto mweusi ndani ya jumba la mizuka

Assalaam aleykum watazamaji wangu, karibuni. Leo nawaletea Haunted Mansion, ile ya mwaka 2023 iliyoongozwa na Justin Simien. Ni vichekesho vya mizuka, vya kutazamwa na nyumba nzima. Juzi niliiwasha huku Lamu, mtaa wa Mkomani, kwa bibi yangu, watu tumejaa ukumbini na sinia la viazi vya karai katikati.

Kisa ni chepesi. Daktari Gabbie, yaani Rosario Dawson, anahamia jumba kuukuu huko Louisiana, Marekani, na mwanawe Travis. Ndani mna mizuka 999, na inatakwa roho moja itimie elfu. Basi wanaitwa wasaidizi: kasisi, mpiga ramli, profesa, na Ben aliyebuni kamera ya kunasa visivyoonekana.

Sasa hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Ben ni LaKeith Stanfield, mtu mweusi. Tuliokua na filamu za kutisha twajua mweusi hupewa kazi gani humo: apige mayowe, achekeshe, afe mapema. Huyu ndiye mwenye filamu. Ni mwanasayansi, amefiwa na mkewe, na kuna mahali anaketi akasimulia habari za marehemu mpaka machozi yakamtoka. Mwanamume mweusi analia katika filamu ya watoto, na anaachwa amalize.

Na Travis amefiwa na baba. Nina mpwa wangu wa miaka tisa, baba yake alikwenda baharini asirudi. Habari hiyo ilipotajwa, mkono wake ulibaki ndani ya bakuli la ukwaju, kiazi kikalowa mpaka kikavunjika. Akaniuliza polepole, "Khaleti, na yeye pia?" Nikamwambia ndiyo. Akanisogelea, akatazama mpaka mwisho bila kuinuka. Kwa hilo peke yake mimi naipenda filamu hii.

Lakini waliotengeneza filamu hii nawadai jambo. Ile ya jina hilihili ya 2003, ya Eddie Murphy, haikuwa bora kuliko hii, ila iligusa jambo: bwana wa jumba alimpenda Elizabeth, binti mweusi, na mtumishi wake mkuu akaona ndoa hiyo haifai. Sababu haikutamkwa, lakini mtu mzima aliielewa. Hii mpya imejaza sura za watu weusi, kisha ikalipita jumba lenyewe kimya. Jumba la kale la Louisiana, nani alilijenga, nani alipika humo? Sisi wa nyumba za mawe zenye vidaka swali hilo latuhusu pia, maana hapa Lamu nako palikuwa na watumwa.

Kumtafsiria bibi kulinipa kazi. Niliposema "mizuka ya wafu", bibi alinikatiza: "Maiti harudi, mjukuu wangu. Hao ni majini, wanadanganya watu." Ikabidi niendelee na majini yake, na kisa kikaenda vizuri tu.

Ni ndefu, inapita saa mbili, na katikati inalegea. Wa chini ya miaka minane wasubiri, yule mzuka mwenye sanduku la kofia anatisha kweli. Mimi naipa saba kwa kumi.

Na mwenye kujua filamu ya Kiswahili ya majini, ya kutazama na watoto, tafadhali aniandikie hapo chini. Mpwa wangu ameshaanza kuiulizia.