Uzoefu wangu: binti yangu, uhasibu, na joho la kwaya

Binti yangu alivuliwa joho la kwaya mbele ya wenzake, dakika chache kabla ya Misa, na kosa lake lilikuwa kumaliza jaribio la uhasibu ambalo shule hiyo hiyo ilimpangia. Ninaliweka jambo hili mwanzo kabisa kwa sababu mzazi anayetafuta sekondari ya Kikatoliki yenye masomo ya biashara na muziki kwa pamoja ataonyeshwa madarasa, vinanda na picha za mahafali, lakini hakuna atakayemweleza kinachompata mtoto pale vipindi viwili vinapomdai kwa saa moja.

Haki ya shule nitaitoa kwanza. Sijawahi kukutana na mtu anayefundisha urari, ile orodha ya kuhakiki kama pande mbili za hesabu zinalingana, kama mwalimu wake wa biashara. Jioni moja ya likizo binti yangu aliniketisha mezani akanionyesha hesabu ambazo pande zake mbili zilikataa kulingana, zikiachana kwa 90 tu. Mimi ningeanza kujumlisha upya kutoka juu. Yeye aligawa 90 kwa 9, akaona hakuna kinachobaki, akasema, "Baba, hapa kuna tarakimu zilizopinduliwa," kisha kidole chake kikashuka taratibu kwenye leja hadi kwenye 540 ambayo alikuwa ameinakili kama 450. Aliniambia kwamba kama isingegawanyika kwa 9 angeigawa kwa 2 na kutafuta kiasi hicho, kwa kuwa huenda kiliingizwa upande usio wake. Mtoto aliyekaririshwa hawezi kueleza hivyo. Upande wa muziki nao haukuwa wa mchezo: walisoma nota, waliimba kwa sauti nne, na nyumbani binti yangu aliimba sauti ya pili peke yake, bila sauti ya kwanza ya kuegemea, asiyumbe.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Ilikuwa muhula uliopita, shule ilipoadhimisha sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, na wazazi tulikuwa tumealikwa. Binti yangu ndiye aliyepewa kuimba mashairi ya wimbo wa katikati, yaani zaburi inayoimbwa baada ya somo, na alikuwa ameyafanyia mazoezi kwa majuma mengi. Asubuhi hiyo hiyo darasa lake lilikuwa na jaribio, nalo likapitiliza muda. Aliingia kanisani akihema, mazoezi ya mwisho yakiwa yameanza. Nilikuwa nimeketi benchi la tatu, kwa hiyo sisimulii niliyosimuliwa. Mwalimu wa kwaya alisimamisha kinanda, akamtazama kwa muda, akasema kwa sauti iliyotufikia sote, "Wewe ni mfanyabiashara. Nenda kafanye biashara yako." Kisha akanyoosha mkono kudai joho. Mtoto hakujibu neno. Alilivua, akalikunja polepole, mikono ikiwa ndani, kama walivyofundishwa kuyatunza, akaliweka kwenye benchi na kutoka nje. Mwenzake aliyesukumwa kupanda mimbarini badala yake, ambaye sina lawama naye hata kidogo, aliimba zaburi huku akitetemeka.

Baada ya Misa nilikwenda kwa mkuu wa taaluma. Hakunikaribisha kiti. Hakuinua hata macho kutoka kwenye karatasi zake. Nilipomaliza kueleza alisema, "Mzazi, muziki hapa ni ziada. Mtoto wako achague."

Ziada! Katika shule ya Kikatoliki! Konstitusio ya Liturujia, hati kuhusu ibada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, iliyotolewa mwaka 1963, inayataja mapokeo ya muziki ya Kanisa kuwa hazina isiyopimika, inayopita hata sanaa nyinginezo, na kifungu chake cha 115 kinataka mafundisho na mazoezi ya muziki yapewe uzito mkubwa, si katika seminari na nyumba za watawa peke yake, bali pia katika taasisi na shule nyingine za Kikatoliki. Tena huko kuchagua kumetoka wapi? Do, re, mi wanazoimba watoto hawa zina asili katika silabi ambazo Guido wa Arezzo, mmonaki Mbenediktini wa karne ya 11, alizitoa katika utenzi wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, na ule utaratibu wa uhasibu wa kuingiza kila muamala mara mbili ulielezwa katika kitabu kilichochapishwa Venice mwaka 1494 na Luca Pacioli, mtawa Mfransisko. Haya nimeyajua kwa binti yangu, naye aliyajifunza kwenye madarasa ya shule hiyo hiyo. Watawa wamemwachia mtoto urithi wa pande mbili, halafu ofisi ya shule ya Kanisa inamwambia atupe mmoja kwa sababu watu wazima wawili wameshindwa kulinganisha ratiba zao.

Nilirudi nyumbani nimeazimia kumhamisha, na nilipoanza kuandika haya nilikusudia kumwambia kila mzazi asipeleke mtoto wake pale. Lakini usiku ule mwalimu wa biashara alinipigia simu. Alisema jaribio lilichelewa kuisha kwa uzembe wake, kwamba alipaswa kumtumia mwenzake ujumbe na hakufanya hivyo, na akaomba radhi, kwangu na kwa mtoto. Binti yangu naye, nilipomtajia kuhama, aliuliza jambo moja tu: huko niendako wanaimba sauti nne? Sikuwa na jibu. Kwa hiyo siwezi kusema shule ni mbaya, maana mbaya haizai mtoto wa namna hii. Anayetaka biashara peke yake ampeleke mtoto bila wasiwasi. Anayetaka yote mawili, kabla ya kulipa ada, aombe ratiba ya majaribio na ratiba ya mazoezi ya kwaya, aziweke mezani pamoja, na aulize nani anatoa ruhusa zinapogongana.

Binti yangu amerudishiwa joho, na sasa amepangwa mstari wa nyuma. Zaburi hajapewa tena. Aliyemfukuza hajamwambia samahani, na barua yangu kwa mkuu wa shule, ambamo niliomba tu utaratibu ulioandikwa ili mtoto mwingine yasimkute haya, haijajibiwa hadi leo. Hapo ndipo moyo wangu unapogeuka tena. Kila nikimkumbuka akikunja lile joho kwa uangalifu wote ule, mikono ndani, huku midomo ikimtetemeka, ninaifungua upya fomu ya uhamisho ambayo sijaijaza.