Gari la kifahari Malindi: lipi ununue, na utalikingaje na chumvi

Wanaotaka kuacha Probox au Fielder na kupanda daraja huniuliza jambo moja: "Ninunue Mercedes au Mark X?" Nami huwauliza wanalala wapi. Anayelala Casuarina au Silversands, ambako usiku upepo wa kusi unarusha chumvi mpaka kwenye vioo vya madirisha, mahitaji yake si ya yule anayelala Gede na kuja mjini asubuhi. Halafu ninauliza la pili: mwezi huu gari likikataa kuwaka, nani atalifungua, na spea itatoka wapi?

Maswali hayo mawili ndiyo yaliyopanga orodha hii ya magari matano. Bei ya kununua nimeiweka nyuma kwa makusudi, maana saluni ya kifahari iliyotumika miaka kumi mara nyingi inauzwa rahisi kuliko Probox mpya mpya, na hapo ndipo watu wengi huumia. Bei imeshuka, lakini pampu ya maji, koili na shokabu zake bado ni za gari la kifahari.

Spea nyingi za Toyota utazipata hapa mjini, na ukizikosa, Mombasa ni kama kilometa 120. Spea za Mjerumani aghalabu zinatoka Nairobi, mitaa ya Kirinyaga Road, na zinakuja kwa basi la usiku. Ukituma pesa asubuhi, kesho yake unapokea kifurushi, ukibahatika kiwe ndicho chenyewe. Kwa hiyo kabla ya kuagiza chochote mtumie muuzaji namba ya chesisi, usimtumie picha tu. Mercedes mbili za mwaka mmoja zinaweza kuwa na breki tofauti.

Jambo jingine la kujua mapema: Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Toyota Crown ya umbo la S210 iliundwa kati ya 2012 na 2018, BMW ya umbo la F30 nayo ikaishia karibu na hapo, na Toyota Mark X iliacha kuundwa mwisho wa 2019. Nyingi ya hizi basi utazinunua zikiwa zimeshatumika hapa nchini. Hilo lisikutishe. Tafuta gari la bara, lililoishi Nairobi, Nakuru au Eldoret, kwa sababu chini yake huwa kavu. Gari lililokaa miaka sita Nyali au Shella ya Malindi, hata liwe na kilometa chache, ninaliogopa kuliko la bara lenye kilometa 120,000.

Ya kwanza: Toyota Crown ya haibridi (S210)

Wapo watakaoshangaa kwamba sikuanza na Mark X. Injini ya Crown hii, 2AR-FSE ya lita 2.5, inamwaga mafuta kwa njia mbili, ndani ya silinda na kwenye mlango wa hewa, hivyo vali zake hazijai masizi upesi. Gia zake hazina mkanda wala klachi ya kuisha. Ndani kuna utulivu ambao ukishauzoea unasahau kwamba umepita matuta ya Mtwapa. Lexus IS 300h inatumia injini hiyohiyo, basi ukiipata nzuri ichukulie kama ndugu yake, ila siti ya nyuma ni finyu.

Wasiwasi wa watu ni betri kubwa ya mota ya umeme. Katika joto letu wasiwasi huo una msingi, lakini dawa yake ni ndogo. Betri hiyo inapozwa na feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari. Vumbi na nyuzi za mazulia zikiziba njia ya hewa, betri inachemka, na betri iliyochemka mara nyingi haimalizi miaka yake. Mwambie fundi aifungue na kuisafisha feni hiyo angalau mara moja kwa mwaka. Na usikubali kuendesha haibridi yenye kiyoyozi kilichokufa. Kiyoyozi kinakupoza wewe na betri pia, na ndani ya gari lililoanikwa juani mchana wa Februari, wakati wa kaskazi, joto ni la tanuri. Mafundi wa haibridi nao si adimu tena, kwa sababu Toyota Aqua na Axio za haibridi zimejaa na zimewafunza kazi.

Kabla ya kutoa pesa, dai betri ipimwe kwa kompyuta, kundi moja la seli baada ya jingine, injini ikiwa imeshapata moto. Kundi moja likiwa dhaifu kuliko mengine, punguza bei au ondoka.

Ya pili: Mark X ya 2.5 (GRX130)

Ni gari linalojulikana na kila fundi kuanzia Kisumu Ndogo hadi Mambrui. V6 yake ya 4GR-FSE inatumia cheni kuzungusha kemshafti, ile fimbo inayofungua vali, haina mkanda wa kukatika, na giaboksi ya gia sita ni ngumu kufa. Kasoro yake inagusa mji wetu moja kwa moja: mafuta yanamwagwa ndani ya silinda tu, kwa hiyo vali hazioshwi. Mtu anayetoka nyumbani hadi sokoni, sokoni hadi shule, kilometa tatu tatu kutwa, injini haipati moto wa kutosha na masizi yanaganda. Angalau mara mbili kwa mwezi iendeshe mpaka Kilifi na kurudi bila kusimamasimama. Pia chungulia kwenye pampu ya maji. Ukiona ukoko wa rangi ya waridi, inavuja, na usingoje mshale wa joto upande.

Onyo moja: Mark X nyingi sokoni zimeendeshwa na vijana waliozikimbiza. Tazama rimu, tazama tairi za nyuma zimelika vipi, sikiliza difu. Iliyobadilishwa ekzosi na kushushwa chini, iache hata ikiwa rahisi.

Ya tatu: Mercedes-Benz C-Class (W205)

Mimi ninaendesha hii, C200 ya 2015, na ninaipenda. Bado ninaiweka ya tatu.

Nikiitoa Malindi alfajiri, nikapita msitu wa Arabuko-Sokoke kabla jua halijachomoza, hakuna gari katika orodha hii ambalo ningetaka kubadilishana nalo. Usukani, siti, mlango unavyofunga: ni kazi ya watu waliofikiri. Lakini inadai umakini usiolegea. Oili ya injini lazima iwe na idhini ya Mercedes, kama MB 229.5, imeandikwa nyuma ya kopo. Oili ya giaboksi yake ya gia saba, 7G, ina daraja lake, 236.15, ya rangi ya bluu. Garaji moja Mombasa ilinijazia oili ya gia ya kawaida, na wiki ya pili gia zikaanza kuingia kwa kishindo kama mtu anayepiga mlango teke. Fundi wangu wa Majengo alipoifungua na kuona rangi yake alinitazama akasema, "Kaka, hili haliumwi. Limenyweshwa dawa ya mwenzake." Tukaimwaga yote, tukabadilisha filta, na ndiyo ikatulia. Tangu siku hiyo ninanunua oili mwenyewe na kusimama pale hadi kopo la mwisho lifunguliwe.

Ukienda kuitazama ya kununua, mwombe mwenye gari asiiwashe kabla hujafika. Iwashe wewe ikiwa baridi. Ikigongagonga kwa sekunde mbili tatu kabla ya kutulia, vifaa vya kurekebisha kemshafti vimechoka au cheni imelegea, na gharama hiyo si ya kubeba wewe. Tazama pia kama ina shokabu za hewa badala ya springi. Zile za hewa, kwa barabara za ndani za Barani na Ngala wakati wa masika, siwezi kumshauri mtu.

Anayetaka kuagiza kutoka Japani, C200 iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2018 ina injini ya lita 1.5 iliyo chini ya cc 1500, na ushuru wa bidhaa kwa injini hizo ni asilimia 20 badala ya 25. Ni nafuu ya kweli bandarini. Lakini ina mfumo wa umeme wa volti 48 juu ya ule wa kawaida, na hapa mjini bado sijamwona wa kumkabidhi kazi hiyo kwa moyo mweupe. Kama huna safari za mara kwa mara za Nairobi, chukua ya nyuma yake yenye lita 2.0. C-Class ya umbo la zamani, W204 yenye injini ya 1.8, cheni yake ina historia mbaya, ipite.

Ya nne: BMW 3 Series (F30), ya 2016 kuendelea

Nasisitiza mwaka. Kabla ya hapo 320i nyingi zina injini ya N20, ambayo vishikizo vya cheni vyake vya plastiki huvunjika na kuiua injini nzima. Kuanzia marekebisho ya 2015 ikaanza kuingia B48, injini nzuri sana. Hata hiyo ina vipande vya plastiki kwenye njia za maji, na plastiki haipendi joto letu. Haina kijiti cha kupimia oili, unasoma kwenye skrini, kwa hiyo jifunze kusoma. Ukibadilisha betri lazima isajiliwe kwa kompyuta, la sivyo gari litaendelea kuichaji kana kwamba ni ile kuukuu. Na aghalabu haina tairi la spea.

Ya tano: Audi A4

Umbo la B8 lenye injini ya 2.0 lina sifa ya kula oili kwa sababu ya ringi za pistoni, na zile zisizo kwatro, zinazovutwa na magurudumu ya mbele tu, mara nyingi zina giaboksi ya mnyororo inayosumbua. Kwa Malindi, hapana.

Kulitunza pwani

Hapa ndipo ningetaka usome mara mbili, maana Crown iliyopuuzwa itakufa kabla ya Audi iliyopendwa.

Maji kwanza. Visima vingi vya mjini na vya kandokando ya bahari vina chumvi. Vijana wa kuosha magari wanafanya kazi nzuri, lakini uliza maji yao yanatoka wapi. Ukiosha chumvi ya upepo kwa maji ya kisima, umeongeza chumvi juu ya chumvi, na imeingia kwenye maungio ya chini ambako jua halifiki. Tumia maji ya bomba, yale yanayotoka Baricho, au ya mvua, na elekeza mpira chini ya gari kila wiki kama unakaa karibu na bahari. Kwenye rejeta usitie maji ya kisima hata tone. Weka kulanti iliyoandikwa kwa gari lako.

Oili ya injini ibadilishe kila kilometa 5,000 hadi 7,000, hata kama kitabu cha Ulaya kinasema 15,000 na zaidi. Kitabu hicho hakikuandikwa kwa safari fupi na foleni ya tuktuk. Oili ya breki inavuta unyevu kutoka hewani, na hewa yetu ni unyevu mtupu, hivyo ibadilishe kila miaka miwili bila kubishana. Kondensa ya kiyoyozi, ile iliyo mbele ya rejeta, huliwa na chumvi na kutoboka; iloweshe kwa maji safi taratibu kila unapoosha.

Maegesho nayo. Chini ya mnazi usiegeshe, na sababu haihitaji maelezo. Mwembe unadondosha utomvu. Kunguru wetu, kinyesi chake kinakula rangi kwa siku moja ya jua, basi kifute mara ukionapo kwa kitambaa chenye maji, usikikwangue kikavu. Paa la makuti juu ya gari ni bora kuliko turubai, kwa sababu turubai linafungia unyevu ndani.

Siku ya kununua, kabla ya yote, hakiki mwenye gari na mikopo iliyo juu yake kwa NTSA, mamlaka ya usafiri barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Inua mazulia na unuse. Mvua za El Niño za mwisho wa 2023 zilizamisha magari mengi, na yapo yaliyokaushwa na kurudi sokoni. Soma tairi: tarakimu nne za mwisho, 2319 kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kisha tenga asilimia 15 ya bei kwa miezi mitatu ya kwanza, kwa oili zote, plagi, filta, bushi na tairi. Huna hiyo asilimia 15? Shuka daraja moja katika orodha ya bei.

Mwenye shughuli Lamu ana hesabu yake. Kutoka hapa kupitia Garsen na Witu ni zaidi ya kilometa 200, na kati ya vituo kuna vipande virefu visivyo na mtu wa kuziba pancha, kwa hiyo gari lisilo na tairi la spea lisiende huko mpaka ulinunulie. Kisiwani gari halivuki. Linabaki Mokowe, gati ya upande wa bara, wewe unapanda boti. Likikaa pale wiki mbili, hewa ya bahari inashika diski za breki kutu na betri inaisha. Liegeshe mbali na maji, ukiweza ndani ya ua wa mtu unayemjua, na breki ya mkono usiivute, weka jiwe kwenye gurudumu. Ukirudi, kilometa ya kwanza kanyaga breki polepole mara kadhaa mpaka mkwaruzo uishe.