Karatasi ya ukutani ya kujibandika: tathmini kutoka chumba cha wageni

Kwa mtu anayepangisha chumba kwa wageni wa siku mbili tatu, na ambaye mfuko wake haujatuna, karatasi ya ukutani yenye gundi mgongoni ina faida moja kubwa: hubadilisha ukuta ulio nyuma ya kitanda, ambao ndio mgeni huutazama kwanza kwenye picha za tangazo. Roli 2 za upana wa sentimita 45 na urefu wa mita 10 zilinitosha.

Kubandika kunataka subira. Nilianzia juu, nikawa nikibandua karatasi ya nyuma kidogo kidogo huku nikisugua kwa kadi ya plastiki iliyoviringishiwa kitambaa, na viputo vya hewa vilivyokaidi nikavitoboa kwa sindano. Kosa lilikuwa langu: rangi ya ukuta haikuwa imetimiza hata wiki 2, ilhali watengenezaji wengi hushauri kusubiri takriban wiki 4, hivyo kona moja ikafunuka na kuondoka na kipande cha rangi.

Ningechagua tena maua madogo yaliyotawanyika, si mistari, kwa sababu mistari huufichua ukuta uliopinda. Karibu na bafu sikuiweka, maana mvuke huilegeza gundi. Katika kubandua, ukiipasha moto kiasi kwa mashine ya kukaushia nywele na kuivuta polepole, hutoka bila kuchanika. Mabaki ya gundi niliyafuta kwa maji vuguvugu na sabuni.