Risasi za akiba za rivolva: ubebe na nini hapa Mombasa

Kwanza tuelewane, haya ni ya mtu mwenye cheti chake cha Bodi ya Leseni za Silaha. Kama huna, hata risasi moja mfukoni ni kesi, na ubishi hapo hakuna. Na wewe mwenye cheti kiangalie tena kabla hujaenda kununua chochote, maana kimeandikwa idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo, usije ukaagiza vibebeo vinne na risasi zenyewe hazitoshi hata viwili.

Haya. Rivolva ndogo za kuficha, kina Smith & Wesson fremu ya J (ndio kiunzi chao kidogo), Ruger LCR, Taurus 85, nyingi zala risasi tano. Mwenye pistol ya magazini yeye abeba kitu bapa mfukoni na yuwaenda zake, wewe silinda yako, ile ngoma inayozunguka na kushika risasi, ni duara kwa hivyo na akiba yako yataka kuwa duara, na hapo ndipo shida yote ilipo, hasa mji huu wa joto ambao ukivaa koti watu wakuuliza kama wauguwa. Kwa hivyo mimi sipangi kwa kasi peke yake vile wanavyopanga Wamarekani. Napanga kwa kile utakachokibeba kila siku na shati jepesi juu ya suruali bila kuona taabu ukakiwacha nyumbani.

Namba moja kwangu ni stripu, ule ukanda wa mpira unaoshika risasi kwa matako yake zikakaa mstari mmoja. Bianchi ndio wanaojulikana zaidi, wao waziita Speed Strips na zashika sita, na kuna Tuff nao watengeneza za idadi tofauti tofauti. Ni bapa kama kitana, yaingia kwenye kile kifuko kidogo cha jeans juu ya mfuko wa kulia, yaingia mfuko wa kanzu bila kuning'inia, na hakuna atakayeona kitu. Kujaza ni mbili mbili: waingiza risasi mbili kwenye matundu mawili ya silinda, wabandua stripu kwa pembeni, waenda mbili nyengine. Ni polepole, hilo silifichi. Ujanja ni kutoijaza yote, weka mbili, ruka nafasi, weka mbili, ile nafasi ndio yakupa pa kushika vidole vikiwa na jasho. Wapo watakaosema nne hazitoshi, lakini nne ulizonazo zashinda tano zilizo kwenye droo.

Namba mbili spidiloda, kile kishikio cha duara kinachobeba risasi za silinda nzima. Hii ndiyo ya kasi, risasi zote zaingia mara moja. Kuna HKS, ambayo wazungusha kitufe cha nyuma risasi zikaachiliwa, na kuna Safariland ambayo wasukuma tu kwenye silinda ikajiachilia yenyewe. Safariland ni ya haraka zaidi na mkono ukitetemeka haikuulizi kuzungusha kitu, HKS ni ngumu kufa na yapatikana kwa aina nyingi za rivolva. Sasa sikiza, spidiloda hainunuliwi kwa macho, kila fremu na yake: HKS 36-A ni ya fremu ndogo ya J, 10-A ni ya fremu K ya risasi sita, ukikosea haiingii ng'o. Halafu angalia mshiko wa bastola yako, ukiwa mnene upande wa kushoto spidiloda yagonga mbao na risasi zaingia upande, itabidi fundi aukwangue kidogo ama utafute mshiko mwengine. Polisi wa barabara kuu wa California walizikubali hizi baada ya kuuliwa wenzao wanne pale Newhall mwaka 1970, kabla ya hapo walikuwa wakijaza moja moja kutoka kwenye vifuko. Kwa hivyo si mchezo wa watoto, ni kitu kilichopimwa. Kinachoiangusha kwangu ni unene tu. Kwenye mfuko wa suruali yatokeza kama ndimu, kwa hivyo ni ya mtu anayevaa mshipi mgumu na shati pana, ama mwanamke mwenye mkoba wenye kifuko chake maalum, si kutupwa pamoja na lipstiki na funguo.

Klipu za mwezi, zile za chuma chembamba zinazoshika risasi zote pamoja na kuingia nazo kwenye silinda, nunua kama bastola yako yazitaka, mfano LCR ya 9mm. Kasi yake hakuna inayoifikia. Lakini zapinda, na iliyopinda kidogo tu silinda yagoma kuzunguka, kwa hivyo usiibebe uchi mfukoni, itafutie kikopo cha plastiki.

Vifuko na mishipi ya ngozi yenye vitanzi naviweka chini kabisa, na sababu ni ya kwetu hapa. Ngozi na shaba hazipatani, ukiongeza jasho na hewa ya chumvi ya bahari maganda ya shaba ya risasi yafanya kutu ya kijani yenye kunata, risasi yaganda kwenye kitanzi au hata yakataa kuingia kwenye silinda. Mwenye kuishi Nyali ama Likoni yuwajua vile hata mabawaba ya mlango yaliwavyo. Ukiweza pata risasi za maganda yaliyopakwa nikeli, hizo zavumilia zaidi, na zozote zile zifute kila ukivua nguo jioni.

Risasi bure mfukoni na sarafu? Hapana.

Bei kule Marekani si kubwa, stripu mbili ama spidiloda moja kwa kawaida haipiti dola 20, hapa ongeza usafiri na mtu wa kati. Pitia kwa dila mwenye leseni, umpelekee jina kamili la bastola yako na umwambie akuagizie pamoja na risasi za bandia za mazoezi, hizo ndizo utakazojazia nyumbani ukiwa umesimama juu ya kitanda, zikianguka zisibiringike chini ya kabati.